Chaja ya Haraka: Soma Volti Kabla ya Kusoma Ampea

Kwa wale wasioifahamu, Kiuu ni wadi iliyo ndani ya eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na wengi huijua kwa jina la sehemu yake yenye kelele zaidi, Githurai 45. Ukishuka matatu kwenye barabara kuu ya Thika ukapita wauza nyanya na mitumba, umefika kwetu. Kila kona ina steji ya boda boda, na siku hizi usipoangalia nyuma unaweza kugongwa na pikipiki ambayo hukuisikia ikija. Ni za umeme hizo.

Kwa kawaida ninaandika hapa kuhusu programu, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Leo naandika kuhusu chaja, kwa sababu nilifanya kosa, na kosa lenyewe nililifanya kwa pesa za mtu mwingine.

Sitawachosha na ile methali ya haraka na baraka. Mnaijua, na kwa jambo hili wala siikubali. Mtu anayekula kutokana na kilomita ana haki ya kuwa na haraka. Ninachosema ni hiki: ukienda kununua chaja ya haraka, kasi yake liwe swali lako la TATU. La kwanza ni volti. La pili ni nani anayeizima. Na wale wanaotuuzia betri bila kutuandikia namba hizo wanatuacha tubahatishe gizani, huku tumelala chumba kimoja na betri yenyewe.

KOSA LANGU

Binamu yangu ni boda boda hapa 45. Alinunua pikipiki ya umeme ambayo betri ni yake mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu si wote wako hivyo. Kampuni kama Ampersand, Spiro na ARC Ride zimejenga biashara juu ya kubadilisha betri: unaingia kituoni na betri iliyoisha, unatoka na iliyojaa, na mambo ya chaja si shida yako. Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, inajulikana kwa pikipiki yake ya Air ambayo betri yake unaweza kuitoa na kuichaji nyumbani. Ya binamu yangu, ambayo sitaitaja jina, nayo ni ya kuchaji nyumbani.

Chaja iliyokuja nayo ilikuwa ya ampea 10. Betri ni ya volti 72 na ampea-saa 45. Hesabu si ngumu: 45 gawanya kwa 10, saa nne na nusu, na nyongeza kidogo mwishoni. Usiku hiyo haina tatizo. Tatizo ni mchana. Saa nane betri imebaki robo, abiria wa jioni bado hawajaanza kushuka, na yeye amekaa kwa kinyozi akiangalia taa nyekundu ya chaja kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Akanijia. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nitafutie chaja yenye nguvu."

Mtu wa kompyuta nikafungua mtandao. Nilisoma ampea, bei, na nyota za wanunuzi. Nikapata chaja ya ampea 20 imeandikwa kwa herufi kubwa "72V 20A FAST". Nikamwambia hii ndiyo, muda utapungua nusu. Tukaiagiza. Ilipofika, ilifanya kazi siku hiyo hiyo, na nikanywa soda ya shukrani.

Hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo. ILIFANYA KAZI. Ingekataa kuwaka, tungeirudisha na mambo yangeishia hapo. Ilichaji kila siku kwa wiki kadhaa, taa ikigeuka kijani kama kawaida. Kisha binamu yangu akaanza kulalamika kwamba betri imekuwa fupi, haifiki alikokuwa akifika. Baadaye ikawa inazima ghafla akipanda mlima na abiria wawili. (Ndiyo, wawili. Tusihukumiane.)

Jumapili moja nikachukua multimita nikapima ncha za chaja ikiwa haijaunganishwa na betri. Ilisoma volti 87.6. Nikaigeuza chaja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzisoma, iliandikwa hivyo hivyo: 87.6V. Nikageuza na betri. Kwenye kibandiko chake: 72V 45Ah, 20S, NMC. Nikakaa chini.

"72" SI NAMBA MOJA

Acha nieleze kwa wale ambao, kama mimi wakati ule, wanadhani volti 72 ni volti 72.

Betri ya pikipiki ni seli nyingi zilizofungwa pamoja. Herufi S kwenye kibandiko inahesabu makundi ya seli yaliyopangwa mfululizo, moja nyuma ya jingine, ili volti zijumlishwe. Volti inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya wastani tu, jina la nyumbani. Volti inayohusu chaja ni ile ya betri ikiwa imejaa, na hiyo inategemea kilichomo ndani ya seli.

Seli za NMC, zenye nikeli, manganizi na kobalti, zina wastani wa volti 3.6 na hujaa zikifika 4.2. Zipange 20 upate 72 kwa jina, na 84 zikijaa. Seli za LFP, zenye chuma na fosfeti, zina wastani wa 3.2 na hujaa kwa 3.65. Watengenezaji wengi huzipanga 24. Kwa hesabu hiyo ni volti 76.8, lakini sokoni nazo huitwa "72", na zikijaa ni 87.6. Halafu kuna zile betri nzito za risasi na asidi: sita za volti 12 ni 72, na chaja yake hupanda hadi karibu 88.

Kwa hiyo unaweza kukuta dukani chaja tatu zimepangwa rafu moja, zote zimeandikwa 72, na kila moja ni ya betri ya aina yake. Kwa macho zinafanana.

Sasa chukua ile yetu ya 87.6 uigawanye kwa seli 20 za binamu yangu. Kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38, wakati mwisho wake ni 4.2. Ukisikia tofauti ya 0.18 unaweza kusema ni kitu kidogo. Kwa seli ya lithiamu si kidogo. Ikijazwa kupita kiasi, ndani yake hutanda lithiamu ya chuma mahali isipotakiwa, kemikali zake huanza kuvunjika, joto hupanda, na mwisho wa njia hiyo ni moto.

Ona pia kwamba kosa halina uzito sawa pande zote. Ukiweka chaja ya 84 kwenye betri ya LFP ya seli 24, kila seli inapata 3.5. Pengine haitajaa kabisa, basi. Kukosea kwenda chini unapoteza kilomita chache. Kukosea kwenda juu unaweza kupoteza nyumba.

NANI ALIKUWA ANAIZIMA?

Mtu makini ataniuliza: kama mambo yalikuwa mabaya hivyo, mbona betri haikuwaka usiku wa kwanza?

Kwa sababu ndani ya betri kuna bodi ndogo ya ulinzi, ambayo mafundi wote huiita BMS. Kazi yake ni kuangalia kila kundi la seli, na likizidi kiwango, kwa NMC mara nyingi karibu 4.25, inakata mkondo. Chaja ikiona mkondo umekatika inadhani betri imejaa, inawasha taa ya kijani. Kila mtu anafurahi!

Chaja inayofaa haifanyi hivyo. Mwanzoni inatoa mkondo mkubwa usiobadilika. Betri ikikaribia kujaa, chaja inashikilia volti palepale kwenye mwisho wake na kuacha mkondo upungue polepole hadi karibu sifuri, ndipo inajizima. Ni kama kumimina soda kwenye glasi: mwanzo unamimina kwa nguvu, povu likikaribia ukingo unapunguza mkono. Yetu haikupunguza mkono hata siku moja. Ilimimina kwa nguvu ile ile hadi mtu mwingine akaishika chupa.

Wenzangu waandishi wa programu wataelewa nikisema hivi. Ni kama kuandika mzunguko usio na sharti la kusimama, ukitegemea kwamba kumbukumbu ya kompyuta itajaa, mfumo utaiua programu yako, na hapo kazi itakuwa "imekamilika". Siku ya kwanza itapita. Wiki nzima itapita. Lakini umegeuza mlinzi wa dharura kuwa mfanyakazi wa kila siku, na siku mlinzi atakapougua hakuna mwingine nyuma yake.

Fundi aliyeifungua betri alikuta kundi moja la seli limeachana sana na mengine. Makundi hupata nafasi ya kusawazishwa hasa pale mwishoni, mkondo unapokuwa mdogo, na sisi tulikuwa tumeufuta mwisho huo. Alibadilisha BMS, akayasawazisha makundi kwa mkono, akaturudishia na onyo. Siku tatu binamu yangu hakufanya kazi. Siku tatu bila kazi, wakati mkopo wa pikipiki unaendelea kudai kila asubuhi, mnajua maana yake. Nilimlipia fundi. Siku tatu sikuweza kumlipa kwa ukamilifu, na yeye hakuniuliza, jambo lililoniuma zaidi.

JE, UNAIHITAJI HIYO KASI?

Baada ya kuaibika nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwanzo.

Usiku una saa nane. Chaja ya ampea 10 inajaza betri ya ampea-saa 45 kabla jogoo hajawika, bila kuipasha joto. Usiku hakuna sababu YOYOTE ya kutumia chaja ya haraka.

Mchana ni tofauti. Tuseme una saa moja ya kula na kupumzika. Ampea 10 zitakurudishia kama asilimia 22 ya betri. Ampea 20 ni kama asilimia 44. Ampea 30 ni kama 66. Hii ndiyo faida halisi, na inapatikana betri ikiwa chini. Ukishapita asilimia 80 hivi, mkondo huanza kupungua chaja iwe kubwa au ndogo, kwa hiyo kusubiri taa ya kijani saa nane mchana ni kupoteza muda. Chomeka ikiwa na robo, chomoa inapofika robo tatu, rudi kazini.

Lakini ampea nazo zina mpaka wake, na mpaka huo unawekwa na betri. Karatasi ya betri ikisema mwisho wa kuchaji ni ampea 20, basi 30 si zawadi. Na kuwa mwangalifu na namba iliyoandikwa kwenye BMS. Mara nyingi ile kubwa, tuseme 60, ni ya kutoa umeme kwenda kwenye mota. Ya kuingiza huwa ndogo zaidi. Nimeona watu wakisoma ya kutoa wakanunulia chaja.

Jingine ni joto. Ukitoka mjini na abiria, jua la saa saba likiwa mgongoni, betri inafika ikiwa tayari ina joto. Iache kivulini dakika kumi na tano au ishirini kabla ya kuchomeka. Vitabu vinavyokuja na chaja huonya sana kuhusu kuchaji kwenye baridi ya chini ya sifuri. Hata Julai yetu hapa Kiambu haijafika huko. Adui yetu ni joto.

Kwa maoni yangu basi: chaja mbili ni bora kuliko moja kubwa. Ile ndogo iliyokuja na pikipiki ibaki ya usiku, na ya kati iliyo ndani ya mpaka wa betri iwe ya mchana. Ile kubwa kabisa inayosifiwa sana waachie wenye betri kubwa na waya mnene.

TUJE KWENYE SOKETI NA PLOTI

Nimetaja waya. Hapa wengi tunasahau kwamba mwendo wa umeme hauanzii kwenye chaja, unaanzia ukutani.

Chaja ya ampea 20 kwa volti 84 inatoa wati 1,680. Ikiwa asilimia 10 hivi inapotea kama joto, ukutani inavuta karibu wati 1,870, yaani ampea zisizofika 8 kwenye stima yetu ya volti 240. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo bado kuna nafasi. Chaja ya ampea 30 inavuta karibu wati 2,800, kama ampea 11.7. Kwa karatasi bado iko chini ya 13. Lakini birika la chai linavuta kiasi kikubwa kwa dakika tatu nne tu, halafu linazima. Chaja inavuta hivyo kwa saa nzima na zaidi. Soketi iliyolegea au waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi ulioviringishwa chini ya kitanda hauwezi kuvumilia hilo. Weka mkono kwenye plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto hadi unaondoa mkono, zima. Ekstensheni ikibidi, iwe ya waya mnene, na ikunjuliwe yote.

Kisha kuna ploti zenyewe. Wengi wetu huku tumepanga. Mita ya tokeni ni ya mwenye nyumba, sisi tuna mita ndogo za ndani au tunachangia kwa makadirio. Betri ya binamu yangu ikiisha kabisa inataka kama uniti 3.6 kutoka ukutani. Kwa siku 26 za kazi ni kama uniti 94 kwa mwezi. Mwaka 2023 EPRA ilipopanga bei mpya, iliwagawa wateja wa nyumbani kwa matumizi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Nyumba iliyokuwa inatumia 30 ikiongeza pikipiki inaruka hadi ngazi ya juu, na jirani wanaochangia mita wanaruka nayo. Ugomvi wa ploti huanza hivyo.

Mwaka huo huo EPRA iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za matumizi makubwa na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya tozo nyingine. Nia nzuri sana. Lakini bei hiyo inataka mita yake peke yake, na mpangaji wa chumba kimoja Githurai hawezi kuomba mita ya pili. Aliyefaidika ni mwenye kituo. Sisemi ni vibaya. Nasema boda boda mwenye betri yake hakukumbukwa.

Na kuna moto. Jiji la New York, ambako wapeleka vyakula wanategemea baiskeli za umeme kama sisi tunavyotegemea boda, lilipoteza watu 18 kwa moto wa betri za lithiamu mwaka 2023 peke yake. Juni mwaka huo duka la baiskeli hizo mtaa wa Chinatown liliungua na watu wanne wakafa ghorofani. Septemba ikaanza kutumika sheria ya jiji inayokataza kuuza au kukodisha baiskeli na betri zisizothibitishwa na maabara inayotambulika. Februari 2024, Nanjing huko China, moto ulioanzia chini ya jengo la makazi palipowekwa baiskeli za umeme uliua watu 15.

Angalia ghorofa za hapa kwetu. Ngazi moja, geti la chuma lililofungwa kwa kufuli usiku, na pikipiki zimepangwa pale pale chini, mlangoni. Tafadhali sana, usichaji kwenye njia ya kutokea. Usichaji ukiwa umelala kama unaweza kuepuka, na kama huwezi, tumia ile chaja ndogo ya asili. Betri ikianza kutoa moshi au sauti ya kuzomea usijaribu kuiokoa. Toka na watu wako, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112.

KAMPUNI, TUANDIKIENI NAMBA

Najua jibu la kampuni. Nimelisikia, na nalikubali nusu. Wanasema: ndiyo maana tumeifunga betri. Katika betri zilizofungwa, plagi huwa na nyaya nyembamba za ziada kando ya zile nene mbili. Hizo ni za mazungumzo. Betri inamwambia chaja mimi ni nani, nataka volti ngapi, joto langu ni kiasi gani, punguza, simama. Chaja isiyojua lugha hiyo haipewi mlango. Wanasema: kama ya binamu yako ingekuwa hivyo, usingeweza kukosea.

Ni kweli. Mimi mwenyewe ningeokolewa na ufunguo huo.

Lakini tembea hadi kwa mafundi uone kinachotokea. Chaja ya kampuni ikifa, mpya ni ghali au haipo hadi mwezi ujao. Mwenye pikipiki hawezi kusubiri mwezi. Fundi anapitisha waya kando ya ulinzi, anaunganisha chaja ya Luthuli moja kwa moja kwenye seli, na kijana anarudi barabarani jioni hiyo hiyo. Sasa hana mazungumzo, na hana hata BMS iliyotuokoa sisi. Kwa hiyo kufunga hakukuondoa hatari. Kumeihamisha tu, kutoka kiwandani hadi chumbani kwa mteja.

Hatutaki siri za kiwanda. Tunataka vitu viwili. Kwanza, kila betri inayouzwa iandikwe kwa herufi zinazosomeka: aina ya seli, idadi ya S, volti ya mwisho ya kuchaji, na ampea za juu za kuchaji. Mstari mmoja! Na kila chaja iandikwe volti yake ya mwisho kwa herufi KUBWA, na lile "72" liwe dogo. KEBS inaweza kulidai hilo bila kuvumbua chochote. Pili, lugha ya mazungumzo kati ya betri na chaja iwe ya wazi, ili chaja yoyote nzuri iweze kuijifunza.

Haya si mambo ya ndoto. India, kampuni ya Ather iliufungua muundo wa plagi yake ili wengine wautumie, na mwaka 2023 ofisi ya viwango ya nchi hiyo ikaidhinisha kiwango kilichotokana nao kwa vyombo vyepesi vya umeme. Na mnakumbuka simu zetu? Nokia ya pini nene, Nokia ya pini nyembamba, na kila jamii ya simu na chaja yake; ukisahau yako umekwama. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022, na kuanzia mwisho wa Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ni lazima ziwe na tundu la USB-C. Faida ya tundu hilo si umbo lake peke yake. Simu na chaja zinaulizana kwanza, volti ngapi unataka, kabla ya umeme mkubwa kupita. Kama kitu cha kuchajia simu kina adabu hiyo, kwa nini cha kuchajia pikipiki kisiwe nayo?

Mpaka hapo watakapotusikia, haya ndiyo ninayowaambia watu wa steji yetu wanaponiuliza, na sasa wananiuliza sana, maana habari ya aibu husafiri:

1. Piga picha kibandiko cha betri yako ukiwa nyumbani. Ukikosa aina ya seli na idadi ya S, muulize aliyekuuzia, akujibu kwa maandishi.
2. NMC zidisha S kwa 4.2. LFP zidisha S kwa 3.65. Hiyo ndiyo volti ya chaja yako. Ikizidi, iache dukani hata ikiwa bure.
3. Nenda dukani na multimita, au na fundi mwenye nayo. Pima chaja kabla ya kulipa. Nyingine hazitoi volti mpaka zione betri. Hizo pima ukiwa umeunganisha, ukiangalia isipite namba yako.
4. Ampea zisipite mpaka wa kuchaji ulioandikwa na mtengenezaji wa betri.
5. Mara ya kwanza kaa nayo hadi mwisho. Volti ikifika kileleni, mkondo unatakiwa upungue taratibu. Ikikatika ghafla ikiwa bado na nguvu zake zote, aliyeizima ni BMS. Irudishe.
6. Uliza kuhusu dhamana. Chaja ya nje inaweza kuifuta, na ni bora ujue mapema.

Binamu yangu sasa ana chaja ya ampea 15, volti 84.0. Tulikwenda kuinunua pamoja. Muuzaji alituonyesha ya 30 kwanza akasema hiyo ndiyo inayochukuliwa sana. Binamu yangu alitoa simu, akafungua picha ya kibandiko cha betri, akaisukuma juu ya kaunta. "Mkubwa, hiyo mwisho wake ni volti ngapi?"

Muuzaji hakujua. Alilazimika kuigeuza chaja ili asome.

Basi kwa leo niishie hapo. Kama unaendesha ya umeme na umewahi kupima chaja yako, tuandikie hapa chini ulikuta namba gani na betri yako ni ya S ngapi. Tukizikusanya zote mahali pamoja, tutakuwa tumeanza kuiandika sisi wenyewe ile karatasi ambayo wauzaji hawakutupa. Tuonane wakati ujao, nikirudi kwenye programu zangu ambazo zikikosea haziunguzi mtu.